Hatamu tumezishika, tandiko tumeliacha wapi?

Kila kiongozi mpya anapoapishwa, magazeti na redio zetu hutuambia kwamba 'ameshika hatamu'. Kule Tanzania kuna kizazi kizima kilichokulia katika kaulimbiu ya chama kushika hatamu. Mara kadhaa nimewauliza wanafunzi wangu wa shahada ya kwanza hatamu ni nini, nao hujibu bila kusita kwamba hatamu ni mamlaka. Nikiwauliza nani kati yao amewahi kuishika hatamu yenyewe mkononi, darasa hunyamaza. Mwaka mmoja sauti moja ilitoka nyuma: "Prof, si hiyo ni ya kwenye Biblia?" Tukacheka, lakini hakuwa mbali na ukweli, kwa sababu lijamu na hatamu zimo katika Zaburi, na huenda wengi wetu hatujakutana nazo kwingine.

Hatamu ni mikanda au kigwe cha kumwongozea mnyama anayepandwa. Lijamu ni chuma kinachotiwa kinywani mwake. Yote mawili ni maneno yenye asili ya Kiarabu, sawa na farasi mwenyewe. Kamusi ya Johnson ya 1939 inalo pia neno seruji, yaani tandiko la Kiarabu la kukalia, ambalo leo ni nadra kulisikia. Kibantu nacho hakikukaa kando. Pale mpanda farasi anapotia mguu, Waswahili walipaita kikuku, jina lile lile la pambo la kifundoni au mkononi. Tandiko limetokana na kitenzi tandika, kama tunavyotandika kitanda. (Vijana wa Nairobi wakisema fulani 'ametandikwa', wana maana kwamba amechapwa, na hapo mnyama hayumo kabisa.) Punda naye ana shogi lake, ile mikoba miwili inayoning'inia huku na huku mgongoni.

Kwa hiyo msamiati upo, tena si haba. Nasema hivi kwa sababu wapo wasomi wenzangu wanaodai kila mara kwamba Kiswahili hakina maneno ya ufundi, kisha wanakaa mezani kuyabuni. Mimi naona tatizo liko kwingine. Maneno ya tandiko tunayo, ila karakana ya tandiko hatuna, na kukosekana kwake kuna historia.

Desemba iliyopita nilikuwa mjini Migori. Karibu na soko kuna safu ya mafundi wa viatu ambao hukaa chini ya miavuli, kila mmoja na kijisanduku chake. Nilikuwa nikishonewa mkoba wangu wa vitabu pale fundi aliponitolea simu na kunionyesha picha. "Jaduong'," akaniambia, "hii kitu ya makauboi inaitwaje kwa Kiswahili? Na vyombo vya kuitengeneza nitatoa wapi?"

Picha ilikuwa ya tandiko la wachunga ng'ombe wa Marekani, lile zito lenye pembe mbele. Nilishangaa kidogo, ingawa sikupaswa kushangaa. Muziki wa kantri unapendwa mno nchini Kenya, na mmoja wa waimbaji wake mashuhuri ni Elvis Otieno, yule tunayemwita Sir Elvis. Kofia pana na viatu virefu vya ngozi tumevizoea katika sherehe zetu. Fundi huyu alikuwa na mteja mwenye farasi mmoja, ambaye sikukuu zikikaribia huwapandisha watoto kwa ada na kuwapiga picha. Mteja alitaka tandiko la kauboi ili picha zinoge.

Tukakagua kijisanduku pamoja. Alikuwa na msharasi, ile sindano ya mpini ya kutobolea na kushonea viatu, ingawa yeye aliuita 'sindano ya mkono'. Alikuwa na shazia ya magunia, koleo, nyundo, kisu kilichonolewa hadi kikabaki nusu, bonge la nta na uzi wa nailoni. Kwa viatu hivyo vinatosha kabisa. Kwa tandiko havitoshi. Tandiko la namna ile hujengwa juu ya kiunzi cha mbao kilichochongwa kufuata mgongo wa farasi, kisha kikavikwa ngozi mbichi ambayo ikikauka hukaza kama ngoma. Juu yake huja ngozi nene iliyodabaghiwa, na chini sufu ya kondoo ili mgongo usichubuke. Tandiko zima huweza kufika kilo 15 au 20. Fundi huhitaji kibanio cha mbao cha kushikia ngozi katikati ya magoti huku mikono yote miwili ikishona, kisu cha mviringo, nyundo ya mbao, bizimu imara na vikuku. Marekani mtu huagiza vyote hivyo kwa jina: vyombo kutoka C.S. Osborne, kampuni iliyoanza 1826, na ngozi kutoka Hermann Oak ya St. Louis, iliyoanza 1881. Fundi wa Migori huagiza kwa maelezo ya mikono.

Kwa nini basi sehemu hii ya Nyanza haikuwahi kuwa na fundi wa matandiko? Jibu la kwanza ni mdudu. Mbung'o alilinyima eneo kubwa la Afrika Mashariki farasi, na Bonde la Lambwe katika kaunti ya Homa Bay lilikuwa makao yake sugu kwa miongo mingi. Aliyeponea mbung'o alisubiriwa na maradhi ya farasi ya Kiafrika, yanayoenezwa na visubi. Wajaluo humwita mnyama huyo faras, neno la kuazima, na mimi nalisoma neno hilo kama cheti cha mgeni. Ufundi wa ngozi haukukosekana. Walikuwapo mabingwa wa kuiwamba ngozi kwenye ngao, kwenye ngoma na kwenye nyatiti. Lakini ngozi hiyo ilikaushwa na kukwanguliwa. Kazi ya kuidabaghi ili ipindike miaka mingi bila kupasuka haikuhitajika kwa mnyama ambaye hayupo.

Pwani na visiwani mambo yalikuwa tofauti, ndiyo sababu seruji, hatamu na lijamu ziliingia katika lugha kupitia huko. Farasi walikuwa mali ya watawala na matajiri, na zawadi ya kifalme. Mwaka wa 1840 merikebu Sultana ya Sayyid Said ilitia nanga New York ikiwa na mjumbe wake, Ahmad bin Na'aman, na miongoni mwa zawadi za Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Rais hakuruhusiwa kuzipokea kama mali yake, na suala likaishia Bungeni. Mtawala aliyekaa Zanzibar, basi, aliwapelekea Wamarekani farasi miaka mingi kabla ya Wamarekani kutuletea tandiko. Lao moja liliteremka Mombasa mnamo Aprili 1909 pamoja na Theodore Roosevelt, ambaye alikuja kuwinda na tandiko la jeshi la nchi yake, la aina ya Whitman. Alikuja pia na maktaba nzima iliyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili ihimili jasho, vumbi na mafuta ya bunduki. Katika uwindaji wake alifika Sotik, si mbali sana na huku kwetu. Ngozi za wanyama aliowaua zilitiwa chumvi na kusafirishwa kwao.

Hata hilo tandiko la kauboi, ukilifuata nyuma, linakurudisha kwa Waarabu. Wachunga ng'ombe wa Marekani walijifunza kwa wale wa Meksiko, wa Meksiko kwa Wahispania, na Wahispania waliishi karne nyingi pamoja na Waislamu waliotoka Afrika Kaskazini. Ndiyo maana Kihispania kina albarda, tandiko la mizigo, neno la Kiarabu kabisa. Aina ya hatamu isiyo na chuma kinywani, ambayo Wamarekani huiita hackamore, imetokana na jáquima ya Kihispania, nayo ikatoka kwa Kiarabu. Nilipomweleza fundi kwamba hatamu yetu na ile ya kauboi zote zina nasaba ya Kiarabu alitikisa kichwa, kisha akarudi kwenye swali lake: "Sawa, lakini ngozi nitatoa wapi?"

Nilimjibu kama ambavyo mtu yeyote angemjibu: Kariokor, Nairobi.

Nilipolitamka jina hilo ndipo nilipopigwa na mshangao wa kweli. Kariokor ndipo mafundi wa ngozi wa Nairobi hushona makubazi, mikoba na mikanda, na karibu na hapo ndipo mtu hupata ngozi, bizimu na rangi. Jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi cha Vita vya Kwanza vya Dunia, kile ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps na Waafrika wakakitamka kwa ulimi wao. Dar es Salaam walikitamka Kariakoo.

Vita hivyo vilipita hapa. Septemba 1914 wanajeshi wa Kijerumani walivuka mpaka kutoka Tanganyika, wakapitia nchi ambayo leo ni kaunti ya Migori na kuingia Kisii, ambako tarehe 12 palipiganwa. Nairobi walowezi walikuwa wamekwisha kuunda kikosi cha wapanda farasi mwezi wa Agosti, wengine wakija na nyumbu, kila mtu na tandiko lake alilolitoa nyumbani. Waliamini vita vitapiganwa mgongoni mwa mnyama. Mbung'o alikuwa na maoni mengine. Katika miezi miwili tu, kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Novemba 1916, jeshi la Jenerali Smuts lilipoteza takriban farasi 10,000, nyumbu 10,000, ng'ombe 11,000 na punda 2,500.

Mnyama akifa, mzigo haufi naye. Ulihamia kwenye vichwa vya watu. Mamia ya maelfu ya wanaume walichukuliwa kutoka kote Afrika Mashariki, na Nyanza ilitoa wengi mno. Msimamizi wa kikosi hicho upande wa Waingereza alikuwa Oscar Watkins, ofisa aliyekijua Kiswahili vizuri, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya amri na ya manung'uniko pia. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi. Waliuawa zaidi na kuhara, nimonia na njaa kuliko risasi. Kwa hiyo leo fundi wa Migori akitaka bizimu ya tandiko anasafiri zaidi ya kilomita 300 hadi mahali palipopewa jina la watu waliobeba mizigo kwa sababu wenye kubeba matandiko walikufa. Nimeipitia Kariokor tangu ujana wangu na sijawahi kuona aliyeliandika jambo hilo ukutani.

Jibu la pili kuhusu uhaba wa vifaa ni la kibiashara. Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, na bidhaa za mwanzo kutoka Nyanza zilikuwa ngozi na simsim. Wafanyabiashara wa Kihindi, mashuhuri zaidi akiwa Allidina Visram, walinunua ngozi mbichi kwa wingi, na bandari ndogo za ziwani kama Karungu, Homa Bay na Kendu Bay zilikuwa sehemu ya mkondo huo wa biashara. Ngozi ilitoka ikiwa mbichi. Kilichorudi kilikuwa viatu na mikanda. Mkondo huo haujabadilika sana kama tunavyopenda kuamini. Viwanda vya ngozi tunavyo Thika, Athi River, Nakuru na Sagana, na serikali imetenga eneo la viwanda vya ngozi Kenanie, Machakos. Ila sehemu kubwa ya ngozi yetu bado huuzwa nje ikiwa imefikia hatua ya kwanza tu, imelowa na ina rangi ya samawati kutokana na kromiamu.

Hiyo kromiamu ndiyo inayomtatiza fundi wa tandiko. Ngozi ya kromiamu ni laini na hunyumbuka. Ni nzuri kwa viatu na mikoba, lakini ukiifanya mkanda wa kubeba uzito itanyooka na kulegea. Tandiko hutaka ngozi iliyodabaghiwa polepole kwa maganda ya miti, iwe ngumu na ishike umbo. Na maganda hayo, jamani, yanatoka kwetu! Muwati uliletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, ukapandwa sana nyanda za juu, na dawa iliyokamuliwa kutoka maganda yake iliuzwa ng'ambo kwa miaka mingi kutoka Thika na Eldoret. Njombe, Tanzania, kampuni ya TANWAT ingali katika kazi hiyo. Ulimwenguni dawa hiyo hujulikana kwa jina la mimosa. Ng'ombe ni wetu, mti ni wetu, na kipande cha ngozi kinachotokana na viwili hivyo hakipatikani Migori kwa bei ambayo fundi wa chini ya mwavuli anaweza kuimudu.

Msomaji anaweza kusema kwamba tandiko la kauboi ni anasa, na kwamba nchi ina mambo mazito zaidi. Nakubali, kama tungekuwa na farasi mmoja tu wa Krismasi. Lakini fundi yule yule ndiye huletewa mikanda ya punda, na punda si anasa. Ukienda Kehancha, Ntimaru au Nyatike utawaona wakiteka maji, wakibeba mahindi, kuni na mchanga. Wengi wamefungwa kwa vipande vya magunia, kamba za nailoni na mipira ya ndani ya magurudumu. Kamba nyembamba hukata kama kisu, na mpira ukipata joto huchuna manyoya. Jeraha la begani likishaingia uchafu, mnyama hupumzishwa wiki kadhaa, au hapumzishwi kabisa. Ufundi unaohitajika kuyazuia majeraha haya ni ule ule wa tandiko kubwa: mkanda mpana, kitu laini chini yake, mshono usiokwaruza, bizimu isiyopata kutu.

Kuna kinaya kingine. Kuanzia 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa nchini, baada ya sheria kuruhusu nyama yake mwaka wa 2012. Kilichotafutwa hasa kilikuwa ngozi, ambayo Wachina huichemsha kupata dawa iitwayo ejiao. Punda wakaanza kuibwa usiku, wengine wakichunwa hapo hapo vichakani. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8, ile ya 2019 ikahesabu chini ya milioni 1.2. Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, alitangaza kuvifunga vichinjio hivyo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaubatilisha uamuzi huo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaafikiana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Katika purukushani hiyo yote ngozi ya punda ilikuwa na soko hadi Uchina, huku ngozi ya kumtandika punda ikiwa haina soko hata Migori. Na palipoibwa punda, mtungi ulirudi kichwani pa mama.

Narudi kwenye lugha, maana ndiyo kazi niliyopewa katika safu hii. Fundi aliponitajia sehemu za tandiko kwa kutazama picha, hakusubiri kamusi. Pembe ya mbele aliiita 'pembe', jina lisilo na kosa. Pale pa kukalia alipaita 'kiti'. Mikanda ya tumboni kwake ni 'mishipi'. Zile ngozi pana za ubavuni aliziita 'masikio', na ukilitazama tandiko kwa mbele utaona kwamba ana haki. Nilipompa kikuku alikipokea kwa furaha, kwani shangazi yake alikuwa na vikuku vya shaba. Msharasi aliukataa. "Hii tunaita sindano ya mkono, Jaduong'. Ukiniuliza msharasi nitakuambia haiko."

Ningeomba wenzangu wanaotunga kamusi watoke kidogo ofisini wakakae chini ya miavuli hiyo, Migori, Kariokor, Lamu kwa wenye mashogi. Waandike vyote viwili, msharasi na sindano ya mkono, na waeleze nani husema kipi. Istilahi ambayo fundi hawezi kuiagizia kifaa dukani haijamfaa mtu.

Tangu hapo nimepita Kariokor mara mbili kwa niaba yake. Bizimu zilipatikana, na uzi mzito uliotiwa nta. Ngozi ya muwati nilionyeshwa kipande kimoja, kizuri, cha kutosha mikanda ya punda wawili lakini si tandiko, nikakinunua. Vikuku anafua mhunzi mmoja wa Rongo kwa vyuma vya springi za lori. Kiunzi bado. Seremala wa Awendo aliyeombwa kukichonga anasema hawezi kupima mgongo kwa picha ya simu. Anataka kwanza kumwona farasi, na farasi yuko Kisumu hadi Desemba.